Kinu Kilichosikika Norveji

Sombe ya pakiti ni majani ya ng'ombe yaliyolowa. Nilisema hivyo mbele ya wanawake wote wa grupu yetu ya mapishi kwenye telefone, na hata leo sijuti. Mama mmoja anayekaa Norveji alikuwa ametuma picha ya sufuria yake. Sombe, yale majani ya muhogo tunayotwanga, ilikuwa ya kijani cha kutisha, laini kama rangi ya kupaka ukuta, imetoka kwenye frigo, imetiwa karanga za chupa. Nikabonyeza pa kusemea, nikamwambia:

"Mama, hiyo si sombe. Fungua mulango, ng'ombe yako iko inje inangojea."

Alicheka mpaka akakohoa. Akanijibu, "Koko, sasa kinu nitaipata wapi huku? Niko ghorofa ya ine. Nikitwanga hapa, bazungu ba chini bataita polisi, baseme nyumba inaanguka."

Ndivyo tulivyojuana. Wote kwenye grupu wananiita Koko, yaani bibi, maana ni mimi niliyezeeka kuliko wao, na nina wajukuu wa kujaza benchi nzima ya kanisa. Aliyeniingiza humo ni mjukuu wangu mkubwa, yule ambaye leo ni muuguzi Uvira. Nimemlea mimi mwenyewe, na nalisema hilo kila mahali hata kama sikuulizwa. Alinipa telefone ya kioo kipana, akasema, "Koko, utapata watu wa kuongea nao." Nikamuuliza, "Watu gani? Mji mzima wa Baraka unanijua." Sasa telefone ikikosa moto ninatembea na waya mkononi kutafuta jirani mwenye paneli ya jua. Nilisoma mpaka ya tatu primeri tu. Kuandika kwangu ni kwa pole pole, lakini kusema nasema.

Wanawake wa grupu siwajui kwa uso. Nawajua kwa sufuria. Kuna mmoja wa Lubumbashi ambaye sufuria yake imekatika mkono mmoja, naye anatia bikarbonati katika sombe ili iive mbio. Tumegombana kwa ajili hiyo kama wake wenza. Kuna wa Lulimba, anawapikia wachimba dhahabu maharage kwenye pipa. Mmoja anaamka anaonyesha theluji dirishani, mwingine anaonyesha vumbi mpaka kwenye unga, na wote wawili wanauliza chumvi itiwe wakati gani. Mara ya kwanza nilipolisikia jambo hilo niliirudisha sauti nikaisikiliza tena. Mimi niliyezoea kuomba moto kwa jirani kwa kipande cha gae, leo namwelekeza mtu wa ng'ambo ya dunia apunguze makaa, naye ananijibu kwamba hana makaa, ana kifungo cha kubonyeza.

Halafu siku moja mama wa Norveji hakutuma picha. Alituma sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imejaa machozi.

"Bamama, munisaidie. Mama yangu hakuli."

Mama yake tulikuwa tunamsikia kwa habari. Alikimbia vita Fizi zamani, akavuka ziwa, akakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Miezi michache iliyopita binti yake alifanikiwa kumleta kwake, kwenye ile ghorofa ya nne. Binti alitueleza kwamba mama anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni tangu asubuhi. Sahani ikija anaisukuma na kusema, "Nimeshiba. Mupatie batoto." Ni hivyo kila siku. Anakunywa chai tu. Mikono imekuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Daktari alipima damu, tumbo, kichwa, hakuona ugonjwa. Sasa watu wa hospitali walikuwa wamesema asipoanza kula, wiki ijayo wanamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani.

"Na mama amesema wakimupeleka kule, hatarudia nyumbani," akamaliza. "Koko, mama yangu akisema kitu anafanya."

Grupu ikachemka. Mmoja akasema ampikie supu ya mukeke, samaki wa ziwa letu. Mwingine ndizi zilizoiva. Wa Lulimba akatuma maombi marefu mpaka mega zangu za intaneti zikalia. Wa Lubumbashi akasema, "Mumupatie Fanta, bazee banapenda Fanta." Mimi nilisubiri wamalize. Kisha nikauliza.

"Mama, unapopika kwako, kunasikilika nini?"

"Kusikilika namna gani, Koko?"

"Kelele. Kelele ya jikoni."

Akafikiri. "Hakuna. Kuna mashine inalia kidogo, ting, kisha tunakula."

"Na sombe?"

"Inatoka kwa frigo, Koko. Ile ya ng'ombe."

Hakucheka alipolisema hilo, wala mimi. Nilikaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa nimeelewa.

Kwetu mama akiwa katika nyumba ya mtoto wake haulizi kuna nini cha kula. Ni aibu. Anakaa, anasikiliza. Sombe inayotwangwa mchana ndiyo itakayoliwa jioni, lazima ichemke saa nyingi. Kwa hiyo ukiletewa sahani ya mchana huku kinu kinalia nyuma ya nyumba, unajua cha jioni kipo, unakula bila wasiwasi. Lakini sahani ikija na nyuma ya nyumba kuko kimya, basi hicho unachokiona ndicho cha mwisho, na watoto wako nje wanacheza. Hapo mama anasema ameshiba. Hakuna anayetufundisha. Mama yangu alisema hivyo, na mimi nilisema hivyo miaka tuliyolala porini juu ya Fizi, na watoto wangu waliamini kabisa kwamba mimi ni mtu wa kushiba haraka.

Nikamwambia, "Mama yako si mugonjwa. Anaona muko na njaa. Anabaachia bajukuu zake."

Kisha nikasikia analia. "Lakini frigo imejaa! Imejaa mpaka haifungiki!"

"Frigo haiongeaga, mama."

Jioni ileile akajaribu mwenyewe. Alichukua sufuria na mwiko wa mti, akapiga jikoni: ko, ko, ko. Mama yake akainua kichwa, akauliza, "Nani amekufa?" Wa Lubumbashi aliposikia habari hiyo alituma kicheko kirefu kuliko wimbo. Mimi pia nilicheka, halafu nikasema, "Wacha. Kesho nitatwanga mimi. Weka ile sanduku yako ya muziki jikoni, uiunganishe na telefone."

Kinu changu alikichonga marehemu mume wangu kwa mti mgumu, na sauti yake inatoka tumboni. Kesho yake nilichuma majani ya muhogo shambani nyuma ya nyumba, yale machanga ya juu, nikayaosha, nikatia vitunguu vya majani na nyanya chungu. Saa nane mchana kwetu, saa saba kwao, nikaweka telefone juu ya kigoda, mdomo wake ukielekea kinu. Mama wa Norveji akanong'ona, "Koko, sahani iko mbele yake." Nikainua mtwangio.

Nilitwanga kama ninavyotwanga siku zote. Tu. Tu. Tu. Nilikuwa najisikia mjinga, mzee mzima kumtwangia mtu nisiyemjua, kupitia kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Hapo nikasikia ule mnong'ono tena.

"Amegeuza kichwa."

Sikuacha kutwanga. Fikiria mwenyewe: mtwangio unaangukia Baraka, na huko kwenye theluji shingo ya mtu inageuka!

Halafu nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, kavu na ya chini. "Ni nani?"

Binti akamjibu, "Ni ya jikoni, mama."

Mzee akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu mpaka jasho likaniingia machoni. Kisha akasema, "Ni muntu mumoja. Iko peke yake, na mukono wa kuume unamuuma. Mumwambie akule yeye kwanza."

Nikasikia sahani inasukumwa mezani.

Nilisimama na mtwangio hewani. Mkono wangu wa kulia unaniuma kweli. Nilianguka na pikipiki nikitoka Mutambala, na tangu siku hiyo nikishusha mtwangio ninauzuia kidogo mwishoni. Mjukuu wangu muuguzi hajui. Wanaopita mlangoni kwangu kila asubuhi hawajui. Na kweli niko peke yangu, mume yuko ardhini na watoto wametawanyika. Mzee huyo alisikia yote mawili katika majani ya sombe. Nilimwogopa kama unavyomwogopa mtu anayeona usiku. Halafu hasira ikanipanda. Mimi, nionewe huruma kutoka Norveji! Na mtu mwenye njaa!

"Koko, umekamatwa!" akasema wa Lubumbashi kwenye grupu habari ilipomfikia. "Huyo mzee angekuwa mwamuzi wa kesi, sisi wote tungekuwa gerezani."

"Funga kinywa na bikarbonati yako," nikamwambia. "Natafuta mutu wa pili, asinione tena peke yangu."

Jirani yangu wa ukutani ni mwanamke mrefu aliyeteremka kutoka Bibokoboko, mlimani, wakati risasi zilipozidi kule juu. Kwao alikuwa na ng'ombe. Hapa ana kuku mmoja mwenye kiburi. Kuna maneno mengi yanayosemwa kati ya watu wa ziwa na watu wa mlima, na sitayaandika hapa. Yeye na mimi tulikuwa tunasalimiana, tunaazimana moto, basi. Huniita mukecuru, ndivyo kwao wanavyomwita mama mzee kwa heshima. Nilimkuta anaanika nguo.

"Jirani, unajua kutwanga sombe?"

"Mukecuru, sisi kwetu ng'ombe ndiyo anakulaka majani."

"Leo utatwanga. Kuko mama muzee kule Norveji anakufa na njaa."

Akageuka na kibanio mdomoni. "Norveji kuko njaa?"

"Hapana. Kuko chakula mingi sana. Ndiyo shida."

Aliniangalia kana kwamba nimepigwa na jua. Ikabidi nimweleze yote, kiti, mlango wa jikoni, sahani, nimeshiba, mupatie batoto. Nilipofika hapo aliacha nguo ikining'inia kwa bega moja.

"Mama yangu alikuwa anasema tumbo yake haipendi maziwa," akasema. "Ng'ombe zikipunguza maziwa, yeye anasema haipendi. Nilimuamini mpaka siku nilizaa mutoto wangu wa kwanza."

Akajifunga kitenge kiunoni, akanitangulia kwangu.

Kutwanga wawili katika kinu kimoja si kazi ya kuanza kwa siku moja. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na mkikosana ni meno au vidole. Mtwangio wangu ulishuka sawa. Wa kwake ulikuja pembeni, ukagonga mdomo wa kinu, majani yakaruka mpaka kwenye kichwa cha yule kuku wake.

"Unaniua!" nikapiga kelele.

"Wewe ndiye unakuja mbio!"

"Usisukume! Shusha! Hii si mutoto unabembeleza!"

Alikuwa anakwenda na mwili wote, mbele na nyuma, kama wanavyofanya kwao wanaposukasuka kibuyu cha maziwa wapate siagi. Nilimsahihisha mpaka nikachoka. Kichwa kilielewa, kiuno kilikataa. Mwishowe nikamwambia, "Basi, njoo nayo hivyohivyo, mimi nitakufuata." Tukafaulu. Haikuwa sauti ya Baraka, lakini ilikuwa sauti ya watu wawili.

Siku iliyofuata mama wa Norveji alifungua picha ili tuonane. Jirani aliegemeza telefone kwenye kopo la mafuta ya mawese. Ndipo nilipomwona yule mzee. Alikuwa mdogo! Nilimfikiria mkubwa kwa vile alivyoniona mkono. Alikuwa ameketi karibu na mlango, kilemba kichwani, sweta mbili, mikono imebanwa kati ya magoti. Mbele yake palikuwa na bugali, sombe ileile ya pakiti, na ndagala, dagaa wetu, za kukaanga. Nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe tupu. Binti alisimama kando, mkono mdomoni. Kufikia ile wiki ya kumlaza zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Tuanze," nikamwambia jirani. Nilimwona anatikisa midomo, nadhani aliomba.

Tu-ku. Tu-ku. Tu-ku.

Mzee hakusogea. Alitazama sakafu. Mimi nilijaribu kuuachia mkono wa kulia ushuke bila kuuzuia, kwa sababu sikutaka anikamate tena, na maumivu yakapanda mpaka begani. Kisha nikaona kidole chake kimoja kinapiga goti. Kilikuwa kinafuata.

"Sasa ni babili," akasema.

"Ndiyo, mama," binti akajibu taratibu.

"Wa kwanza ni yule wa mukono. Leo anajikaza, lakini ni yeye." Nilitaka kutupa mtwangio. "Wa pili..." Akaanza kuyumba kwenye kiti, mbele na nyuma, mbele na nyuma, macho yamefungwa. "Wa pili anatwanga kama mwenye kusukasuka maziwa. Huyu ni muntu wa mulima."

Mtwangio wa jirani ulikosa kinu kabisa, ukachoma ardhi.

"Ameniona?" akauliza kwa mnong'ono.

"Hakuoni. Telefone inaangalia mimi. Twanga!"

Akatwanga. Alikuwa amefungua macho kama mtoto anayesikia jina lake linaitwa kanisani, katika kanisa asilowahi kuingia. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nimezaa, nimezika, nimekimbia na kurudi, nikadhani nimekwisha kuona yanayoonekana. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kwenye ghorofa ya nne ya nchi ya barafu na kusikia kiuno cha mwanamke wa Bibokoboko.

Mzee akafikiri. Unaona kabisa anafikiri, kama mama anayepima unga kwa jicho. Kisha akamwambia binti yake, "Kama muko na mugeni wa mulima, na anakaa mpaka anatwanga pamoja na benyeji, basi cha jioni kipo. Batoto bamekula?"

"Bamekula, mama. Bameshaenda kucheza."

"Lete maji ninawe mikono."

Binti alikimbia. Maji yalimwagika njiani, niliyaona sakafuni. Mzee akanawa polepole, kila kidole, akafuta kwa kilemba. Akakata bugali kidogo, akaufinya, akauchovya katika ile sombe ya frigo, akala. Nilingoja aseme kwamba ni chakula cha ng'ombe. Hakusema. Akakata tena. Shavu lake lilikuwa linakwenda juu na chini, na jirani yangu alikuwa analia bila kujifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye mtwangio.

Sikujua kama mzee alijua kwamba sisi tumo ndani ya sanduku juu ya frigo. Sikuuliza, na sitauliza.

Muda ukaenda. Majani yetu yalianza kuwa laini, kisha yakawa uji, kisha yakawa maji ya kijani yanayoruka mpaka kwenye kitenge. Sombe ikifika hapo umeiharibu. Ningekuwa namfundisha binti wa mtu ningempokonya mtwangio.

"Mukecuru," jirani akasema, "imekwisha. Hakuna kitu ya kutwanga."

Tukatua mitwangio. Katika telefone, shavu la mzee likasimama. Tonge lilikuwa mkononi, nusu ya njia. Akageuza sikio upande wa jikoni, na nikauona ule mkono unaanza kurudi kwenye sahani, pole pole, na uso wake unajifunga kama mlango.

Sikukumbuka mkono wangu. Nilishika mtwangio nikaushusha kwa nguvu zote katika yale maji. Jirani akafuata. Tu-ku. Tu-ku. Tonge likaingia mdomoni.

"Tunatwanga nini?" jirani akauliza, huku anatwanga.

"Twanga tu."

"Lakini nini?"

"Twanga, mama, utaniuliza kesho!"

Alicheka na machozi yake, na mimi nikacheka, na maji ya sombe yaliturukia usoni. Mzee alimaliza ndagala, akafuta sahani kwa bugali, akalamba kidole gumba. Nilidhani tumefika. Mabega yangu yalikuwa yanatetemeka. Ndipo alipoinua sahani tupu, akamnyooshea binti yake bila kumwangalia, kama mtu anayejua kwamba sufuria bado imejaa.

Binti aligeukia telefone. Alitutazama tu.

Kando yangu palikuwa na kikapu cha matembele ya jirani, majani ya viazi ambayo hakuna mtu mwenye akili Baraka nzima anayeyatwanga. Nikayachota kwa mikono miwili, na vijiti vyake na mchanga wake, nikayatupa yote ndani ya kinu. Tukainua mitwangio.